Bima ya gari: ile stika ya kwenye kioo inanilinda mie au inamlinda nani?

Kijana_wa_Fuoni

Asalaam alaykum wanajukwaa, nna jambo limenikaa kifuani siku ya tatu leo na nyumbani nikilizungumza naambiwa nshazidi sasa nalileta hapa.

Nna IST yangu nimeinunua mwaka jana, gari ya kwanza maishani, nayo naitunza kama yai. Jumatatu jioni nimeiegesha nje ya duka hapa Fuoni nipo ndani nanunua mkate wa mofa, nasikia kishindo, natoka nakuta keri (kile kigari cha mizigo) limejaa matofali limerudi nyuma likaukandika mlango wangu wa nyuma wa kushoto na taa yake ya nyuma imebaki waya. Dereva wa keri mtu mzima, kashika kichwa, anasema kioo cha pembeni kilikuwa na vumbi hakuniona. Watu wamejaa, kila mmoja hakimu. Akatokea mzee mmoja akasema nyie ni Waislamu nyie ni majirani, yamalizeni, polisi wa nini. Tukaenda kwa sheha ikaandikwa karatasi, dereva atanilipa laki tatu kwa mafungu matatu, nikatia saini, tukapeana mikono, watu wakaenda zao kusali magharibi.

Kesho yake fundi Darajabovu ananambia mlango, taa, kunyoosha na rangi ni laki nane na nusu 🙂

Nikasema aa mie si nna bima bwana, nimeilipia. Nikampigia yule alonikatia bima, ananambia kaka hiyo yako ni bima ndogo, haihusiki na gari yako. Sasa nauliza kwa ustaarabu kabisa, kama haihusiki na gari yangu imebandikwa kwenye kioo cha gari yangu kwa kazi gani?? Na jengine hizo laki tatu zenyewe fungu la kwanza ilikuwa jana na simu haipokelewi.

---

Mtu_wa_Jangombe

Hahaha karibu mjini kaka. Stika ile ni ya trafiki. Kila mtu anajuwa hivyo, unabandika ili usisimamishwe Michenzani, basi. Mie miaka tisa nalipa sijawahi kuona faida yake hata ya shilingi mia.

---

Wakala_mstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu, pole sana kwa gari. Mie nimekaa kwenye kazi ya bima miaka kumi na moja kabla sijafungua kiduka changu Mwanakwerekwe, ntakueleza taratibu kwa sababu hili suala lako wanaulizwa kila siku wale wa kaunta na wanalijibu kwa haraka haraka ndo maana mtu anatoka hajafahamu kitu. Na wewe wa Jang'ombe usimpoteze mwenzio.

Bima zipo za namna tatu lakini mtaani watu wanazijua mbili. Bima ndogo ndo thadi pati. Thadi pati maana yake mtu wa tatu. Wa kwanza wewe mwenye gari, wa pili kampuni, wa tatu ni yule utakaemgonga. Basi pesa unazolipa pale ni kwa ajili ya yule wa tatu, usomjua jina wala hujamgonga bado. Ukimvunja mtu mguu, ukiua, ukiangusha ukuta wa mtu, ukiparamia gari ya mtu, kampuni inasimama badala yako. Gari yako wewe haimo. Hata ikigeuka majivu haimo. Ndo maana serikali imelazimisha hii na haikulazimisha ile kubwa, serikali haina shida na IST yako, shida yake ni yule mama anaevuka barabara na mwanawe wa skuli, akigongwa na mtu asie na kitu atatibiwa na nani? Waingereza wenyewe walilazimisha kwa sheria yao ya barabarani ya mwaka 1930 kwa sababu hiyo hiyo, watu walikuwa wanagongwa na wagongaji hawana cha kulipa.

Ya katikati ni thadi pati ukaongezea moto na wizi. Gari yako ikiungua au ikiibiwa unalipwa, ikigongwa hulipwi.

Halafu bima kubwa, komprihensivu. Hiyo inabeba yote ya bima ndogo na juu yake gari yako mwenyewe, ukigonga, ukigongwa, ukipinduka, hata kama kosa ni lako.

Sasa njoo kwenye jambo lako, hapa ndo nataka usome mara mbili. Wewe hukugonga, wewe umegongwa, tena gari imeegeshwa. Kwa hiyo hapa wewe ndo MTU WA TATU. Wewe ndo yule mama na mwanawe. Bima inayotakiwa ikulipe ni ya keri. Bima yako unaiuliza kitu isichokuwa nacho, na bima yenye kitu hukuiuliza! Keri lilikuwa na stika?

---

Kijana_wa_Fuoni

Subhanallah. Stika lilikuwa nayo, niliiona, nimepiga na picha gari yote. Sikuwaza kabisa kuwa bima yake ndo ya kunilipa mie. Na nna hakika yule mzee wa keri nae hajui, maana alivyokuwa anababaika kuhusu kupata laki tatu utamuonea huruma.

---

DerevaWaChake

Hajui. Nakwambia hajui, madereva wengi hatujui. Mie naendesha gari ya abiria Chake huku miaka mingi, mwaka juzi nimeondoka Wete usiku nimeshusha watu nimebaki peke yangu, kwenye kona gari ya ng'ombe ipo mbele yangu haina taa haina hata kipande cha kitambaa cheupe, breki zote, wapi. Ng'ombe akaanguka pale pale, mwenyewe karuka kasalimika alhamdulillah, gari yangu uso wote umeingia ndani. Watu wa kijiji wametoka na mapanga (ya kumchinja ng'ombe awahiwe lakini mie nilidhani yangu yamekwisha).

Walotaka tumalizane pale pale ni wengi, ng'ombe wa kazi anajua bei yake anaemfuga. Tajiri wangu akanambia kwenye simu usikubali kitu usikatae kitu, kaa hapo hapo ita polisi. Nikaona ananitia mashakani kumbe ndo kaniokoa. Polisi wamekuja wamepima, ripoti imetoka, mwenye ng'ombe kalipwa na bima, si chote alichotaka kwa sababu waliona na yeye ana sehemu ya kosa kutembea usiku bila taa, lakini kalipwa. Uso wa gari ndo tajiri kautengeneza kwa mfuko wake maana alikata ndogo. Hapo ndo nikafahamu hii kitu inafanyaje kazi, mpaka leo nikimpita ng'ombe napunguza mwendo kama nampita mkwe.

---

Wakala_mstaafu

Allah akuhifadhi. Huyo tajiri wako mtu mwenye akili, na hilo alosema "usikubali kitu" ndo nilitaka kulifikia kwa kijana wa Fuoni.

Sisi huku tuna kitu kizuri sana kinaitwa sulhu, lakini kwenye bima kinatuumiza. Ajali ikitokea ndani ya dakika mbili pana mzee, pana mtu wa sameheaneni, pana sheha. Yote mazuri. Lakini kwenye ule mkataba wa bima ambao hakuna anaeusoma kuna kifungu karibu kila kampuni inacho, kinasema mwenye bima asikiri kosa wala asiahidi malipo bila ya idhini ya kampuni. Maana yake yule mzee wa keri alivyoandika kwa sheha "mimi nimekosa ntamlipa laki tatu" amejadiliana kwa niaba ya kampuni bila kampuni kujua, na wanaweza kumwambia basi kalipe mwenyewe. Na wewe ulivyosaini umekubali laki tatu kwa kitu cha laki nane na nusu. Mnasaidiana kupata hasara nyote wawili, na kati yenu yupo mtu alieshalipwa ili abebe hasara hiyo.

Samehe moyoni, salimianeni, mpeni maji ya kunywa alietetemeka. Lakini karatasi ya makubaliano acheni mpaka polisi na kampuni wajue. Ukiwa eneo la ajali fanya mambo ya kawaida tu, piga picha kabla gari hazijasogezwa, namba ya gari, stika, leseni ya dereva, majina na simu za walioshuhudia (na hapa utashangaa, walikuwa mahakimu ishirini ukiomba namba za simu wanabaki wawili). Polisi wape taarifa siku hiyo hiyo. Akiwepo alieumia atapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na hiyo karatasi usiipoteze hata kama ni mchubuko, kuna michubuko inakuja kuwa mambo mengine baada ya wiki.

---

Bi_Mtoni

Nyie mnazungumza bima ndogo, mie nilikata kubwa na sikulipwa. Hili nalisema kila mahali ili mtu asije akafanya ujinga wangu.

Nilikuwa na Suzuki, nimeikatia komprihensivu kama gari binafsi maana ni rahisi kuliko ya biashara. Halafu shoga yangu akanambia mwenzangu wageni wanatafuta gari za kukodi Paje mpaka hazitoshi, gari yako imekaa tu barazani. Nikampa kijana akawa anawakodisha wageni, kwa siku napata dola zangu, raha mustarehe. Mwezi wa tatu hivi mgeni akaipiga kwenye mnazi. Yeye hana hata alama, gari imekwisha. Nikapeleka madai kwa kujiamini kabisa na faili langu. Suala la kwanza, nani alikuwa anaendesha. Suala la pili, alikuwa na kibali cha kuendeshea Zanzibar. La tatu, alikulipa? Nikajibu ukweli wangu wote. Barua ikaja wiki ya pili, gari imekatiwa bima ya matumizi binafsi imetumika kibiashara, madai hayakubaliki.

Nililia nikaita wezi, kampuni siitaji. Lakini baadae nikakaa nikajiuliza, kama ningewaambia mapema kuwa nakodisha wangenitoza zaidi na wangenilipa. Mie ndo niliebana pesa. Kama laki tatu hivi nilizibana, nikapoteza gari nzima.

---

Mtu_wa_Jangombe

Khaa dada pole. Lakini huoni hapo ndo penyewe, kuchukua pesa wepesi kulipa wanatafuta tundu?

---

Bi_Mtoni

Tundu nilitoboa mwenyewe mwanangu. Wao wamechungulia tu.

---

sheikh_mdogo

Samahani kuingilia, mnazungumza mafao na hasara lakini hamjauliza asili ya jambo. Bima hii ya biashara ina gharar, unanunua kitu hujui utakipata au hutakipata. Ina maysir, umetoa laki unaweza kupata milioni au usipate kitu, tofauti yake na kamari ni nini? Na pesa zinawekezwa kwenye riba. Hiyo ya lazima tunalipa kwa dharura kwa sababu dola imelazimisha, lakini kwenda kujiongezea kubwa kwa hiari yako hapo pana suala.

---

Wakala_mstaafu

Sheikh wangu hujaingilia, umefanya vizuri kuleta, nilikuwa nasubiri nani atalisema. Mie si mwanachuoni lakini kwenye kazi tulifundishwa kidogo. Baraza la Fiqh la Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1985 likasema kama ulivyosema, bima ya kibiashara haifai, lakini hapo hapo likasema ya kushirikiana inafaa. Hiyo ndo takaful. Sudan walishaanza nayo tangu 1979. Tofauti yake ni kuwa pesa unayotoa ni tabarru, mchango wa kusaidiana, inaingia kwenye mfuko wa wanachama, kampuni ni msimamizi tu anachukua ujira wake wa kuusimamia, haiwekezwi kwenye riba wala pombe, na ikibaki ziada mwisho wa mwaka kuna utaratibu wa kuwarudia wachangiaji. Ni kama sisi tunavyochangiana kwenye maiti na harusi, imeandikwa tu vizuri.

Na si kitu cha mbali, Shirika la Bima la Zanzibar, hilo ZIC letu la tangu 1969, lina takaful yake. Kwa hiyo anaetaka kubwa na anachelea riba njia ipo. Usiwaambie watu wakae bila kitu.

---

sheikh_mdogo

Nimekufahamu, jazakallahu khayran. Hiyo takaful na thadi pati inatoa au ni ile kubwa tu?

---

Wakala_mstaafu

Ulizia kaunta zote mbili, na waambie wakuonyeshe kwenye mkataba, usitosheke na bango lililoandikwa takaful kwa rangi ya kijani 😄

---

nazi_mbata

Mie naomba kuuliza watu wasinicheke, nazi ikiangukia gari bima inalipa? Nyumba yetu Jambiani imezungukwa na minazi.

---

Wakala_mstaafu

Ukiwa na kubwa, ndio, ni ajali ya kitu cha nje. Ukiwa na ndogo nazi hiyo ni yako, ikune upikie. Lakini egesha pengine jamani.

---

Mtu_wa_Jangombe

Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza. Haya mzee, tuseme umenishawishi kidogo, kubwa wanahesabu vipi? Maana kila ukenda wanakwambia bei nyengine.

---

Wakala_mstaafu

Wanahesabu kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuchukulie asilimia tatu na nusu kwa gari binafsi, gari ya milioni 16 itakuja laki tano na elfu sitini, halafu VAT juu yake. Gari ya biashara iko juu zaidi kwa sababu iko barabarani kutwa.

Watu wakishajua hivyo ndo wanapofanya werevu wa kijinga. Anasema kumbe nikiitaja gari milioni 8 ntalipa nusu. Kweli utalipa nusu, laki mbili na elfu themanini. Siku ukipata ajali ya milioni 4 atakuja mkadiriaji, ataangalia gari yako sokoni ni 16, wewe umekata 8, ni nusu, basi atakulipa nusu ya hasara, milioni 2. Si 4 hata kama 4 ni ndogo kuliko 8. Hapo ndo kwenye ugomvi mkubwa kuliko kote, watu wanapiga meza, wanasema nimekata milioni nane mbona hasara ya nne hamlipi. Na ukiizidisha pia hupati kitu, gari ya milioni 16 ukiikatia 25 ikiisha utalipwa bei ya gari, bima inakurudisha ulipokuwa haikutajirishi. Na gari inashuka bei kila mwaka, kwa hiyo ukenda kukata upya usimwambie tu rudia ya mwaka jana, taja thamani ya leo.

Halafu kuna eksesi, ile sehemu ya kwanza ya hasara unayobeba mwenyewe kila ukidai. Iulize kabla hujalipa. Kuna mtu anakuja na kioo cha laki mbili eksesi yake ni laki mbili na nusu, anatoka hapo anaapa kaibiwa. Na ukikaa mwaka hujadai unaweza kupunguziwa mwaka unaofuata, kwa hiyo vidonda vidogo vidogo wakati mwengine bora utibu mwenyewe.

---

Nahodha71

Ya mafuriko hamkuigusa. Masika ile gari yangu imezama kwenye maji pale Mwanakwerekwe. Nna kubwa. Kampuni imelipa kusafisha ndani viti na umeme lakini injini wamekataa, ati niliwasha gari ikiwa ndani ya maji ikavuta maji.

---

Wakala_mstaafu

Uliwasha?

---

Nahodha71

Niliwasha.

---

Wakala_mstaafu

Basi. Gari ikizima ndani ya maji usiguse ufunguo, isukumwe, ivutwe, ikae. Na mafuriko yenyewe si kila mkataba umeyaweka, tazama kama yameandikwa ndani au yanaongezwa kwa kulipia.

---

DerevaWaChake

Ya wizi je, mtu kisiwa hiki ataiba gari aipeleke wapi? Utaikuta Konde imeisha mafuta 😂

---

Bi_Mtoni

Gari haiibiwi, vinaibiwa vioo vya pembeni. Mie vyangu vimekwenda mara mbili na siku ya pili navikuta vinauzwa, nikavinunua tena vioo vyangu mwenyewe. Moto na wizi kwa kawaida inamaanisha gari nzima, vioo ulize kwanza.

---

Wakala_mstaafu

Kijana wa Fuoni uko wapi, umeanzisha uzi umekimbia. Kabla hujakwenda popote nifanyie jambo moja. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, uweke namba ya stika ya keri uone kama ni hai. Na ukimaliza weka na ya kwako.

---

Kijana_wa_Fuoni

Sijakimbia mzee wangu nipo nasoma kimya kimya nafahamu mambo.

Nimeweka ya keri. Iko sawa, namba ya gari sawa, kampuni imeandikwa, inaisha mwezi wa kumi na moja.

Nimeweka ya kwangu.

Imekuja pikipiki.

---

Mtu_wa_Jangombe

???

---

Kijana_wa_Fuoni

Pikipiki wallahi. Namba ya stika ni ile ile ilioandikwa kwenye karatasi yangu, ila chombo ni pikipiki na namba ya usajili si yangu. Nikiweka namba ya gari yangu hakuna kitu kabisa. Yule kijana nilimlipa kwenye simu yake binafsi, aliniletea stika mpaka kazini nikamuona muungwana. Sasa hivi simu yake haipatikani.

Kwa hiyo mwaka mzima nimeendesha sina bima. Nimewapeleka wazee wangu mpaka Nungwi na kurudi, nimeendesha usiku, nimeendesha kwenye mvua. Ningemgonga mtu je? Mikono imenitetemeka kuliko siku ya ajali.

---

Bi_Mtoni

Alhamdulillah umegongwa wewe hukugonga. Nasema kweli, hilo keri limekufanyia hisani.

---

Wakala_mstaafu

Ndo maana nilikwambia uweke na ya kwako. Sikutaka kukutisha mwanzo lakini ulivyosema "yule alonikatia" nikapata wasiwasi, hukusema ofisi hukusema kampuni.

Sasa usipanick. Moja, gari isitembee, mguu. Kesho asubuhi nenda ofisini kwenyewe ukate upya, pesa ilipwe kwa kampuni si kwa mtu, risiti mkononi, na usitoke pale mpaka umeitazama namba yako kwenye mfumo kwa macho yako. Bima bila malipo kuingia kwenye kampuni si bima, hata ukishikishwa karatasi ya dhahabu. Halafu hiyo stika ya pikipiki ipeleke polisi na TIRA wana ofisi hapa hapa Unguja, karatasi, picha, ujumbe wa malipo wa kwenye simu. Si wewe peke yako alokuuzia.

Hilo la kutokuwa na bima ni kosa lako na polisi na utalibeba. Lakini halimuondolei mwenye keri dhima yake, gari yako ilikuwa imesimama. Na mtafute yule mzee wa keri. Usimfuate kwa ugomvi, mwambie unampunguzia mzigo.

---

Mtu_wa_Jangombe

Ngoja na mie nikatazame yangu. Narudi.

---

Mtu_wa_Jangombe

Yangu iko sawa ila imeisha tangu wiki ilopita 😐

---

Kijana_wa_Fuoni

Marejesho kwa walioniuliza inbox.

Bima nimekata juzi, ofisini, nimesimama kaunta mpaka ikatokea kwenye simu yangu, yule dada akanicheka nikamwambia nicheke tu.

Mzee wa keri nimemfuata kwake baada ya laasiri. Aliponiona kwenye mlango akaanza kujitetea, kijana wangu nipe mpaka mwisho wa mwezi matofali hayajalipwa. Nikamwambia ami sijaja kudai, bima yako ndo inatakiwa inilipe. Akanitazama muda mrefu. Akanambia mie keri hili nalikatia bima mwaka wa sita na kila mwaka nasema hawa watu wanakula pesa zangu bure. Akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki una stika zote sita na karatasi zake amezikunja kama hati ya shamba.

Tumekwenda pamoja polisi, tumefokewa kwa kuchelewa, mie nimefokewa na la stika zaidi na faini yangu nimelipa. Wamekagua gari zote mbili wametoa ripoti. Kwenye kampuni yake ile karatasi ya sheha walikunja uso, wakamuuliza mzee nani alikuruhusu kuahidi, lakini kwa vile hajatoa hata shilingi na ripoti ya polisi inasema lile lile na picha zipo, wamelipokea faili. Hawajasema watalipa kiasi gani. Mkadiriaji anakuja Darajabovu Alhamisi, fundi nimemwambia asiguse kitu mpaka apite, nae kanuna maana mlango keshaupatia.

Laki tatu nimemwambia mzee asahau. Kanipa mkungu wa ndizi.

---

DerevaWaChake

Mkungu umeuripoti kwenye kampuni? Isije ikawa malipo bila idhini 😂

---

Wakala_mstaafu

Kula ndizi mwanangu. Alhamisi ukishaonana na mkadiriaji, muombe nakala ya makisio yake, yakitofautiana na ya fundi kaeni nyote watatu kwenye gari, kila mtu aoneshe kwa kidole. Na mwambie fundi wako aandike spea kwa majina, asiandike "matengenezo ya mlango" akaweka laki nane, hiyo nawajua, wataikata nusu kabla hawajamaliza kusoma.

---

Kijana_wa_Fuoni

Sawa mzee. Ameandika hivyo hivyo. Nakwenda kumrudishia aandike upya.